Tuzo Kabla ya Runinga

Mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifungua kituo Nassa, kwenye mwambao wa Ghuba ya Speke, kusini mashariki mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1909 wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission, na kanisa lililoota kutokana na kazi hiyo ndilo AICT tunalolijua leo. Mwongofu aliyetaka kubatizwa alipewa masharti: aache pombe, aache tumbaku, aache ngoma. Mawili ya kwanza hayahitaji maelezo. La tatu linahitaji, kwa sababu mhubiri hakuwa akikataza kutikisa mabega tu. Alikuwa anakataza mashindano makubwa kuliko yote ya Usukumani, yenye nyota wake, mashabiki wake, fitina zake, waganga wake na washindi wake.

Nalitaja hili mapema kwa sababu historia ya tuzo za filamu na tamthilia nchini kwetu husimuliwa kila mara kutoka kumbi za Dar es Salaam, ikianzia kwenye zulia jekundu. Ukiisimulia kutoka Nassa inaanza zamani zaidi, na swali linalozua ugomvi kila tuzo zinapotangazwa, yaani nani hasa mwenye haki ya kusema huyu ni bora, linaonekana lilikwisha kupatiwa jibu huko. Jibu lenyewe lilikuwa na kasoro zake, nitazieleza.

Nassa ulikuwa utemi. Leo ni sehemu ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, ingawa hadi mwaka 2012 ilihesabiwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inatoka Kisesa, inapita Magu, inafika Nyashimo, kisha Lamadi, ambako njia ya kwenda Bariadi inachepuka kulia. Ni nchi ya pamba, mpunga, ng'ombe na samaki. Mvua zikikatika na mazao yakiingia ghalani, kuanzia Juni hivi hadi Agosti au Septemba, ndipo ulipokuwa msimu wa mbina, yaani ngoma hizo za mashindano.

Pande zilikuwa mbili: Wagika na Wagalu. Masimulizi ya Wasukuma yanazirudisha nyuma hadi karne ya 19, kwa mafundi wawili wa dawa na nyimbo, Ngika na Gumha, walioshindana mpaka kila mmoja akaacha wafuasi wanaojiita kwa jina la upande wake. Mtu aliingia upande mmoja kwa kufundwa na kupewa dawa zake, na kwa kawaida alikaa humo maisha yake yote. Kijiji kimoja kiliweza kuwa na wa pande zote mbili. Hata nyumba moja. Chini ya pande hizo kulikuwa na vyama vingi, na vingine vilikuwa na kazi nje ya uwanja: Bayeye walikuwa mafundi wa nyoka, Banunguli wawindaji wa nungunungu, na wakulima wa kundi walikuwa na bugobogobo yao, ngoma ya jembe, wanayoicheza wakilima na wakicheza bila kulima.

Mashindano yenyewe yalikuwa hivi. Makundi mawili yanapangwa kwenye uwanja mmoja, hili huku na lile kule, kila moja na manju wake, ambaye Wasukuma humwita ningi. Yanaanza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Aliyechoshwa na Wagika anavuka kwa Wagalu. Aliyesikia kicheko upande wa pili anakimbia akaone kinachochekwa. Siku nzima umati unahama na kurudi, na mwisho wa mchezo wazee wanatazama duara lipi limejaa. Kundi lililoshindwa halikuhitaji kutangaziwa matokeo. Lilikuwa limeshaona migongo.

Sanaa iliyozaliwa kwa sheria hiyo ilikuwa ya kuvuta macho bila aibu. Manju alitunga nyimbo za kumsema mwenzake wa upande wa pili, ukoo wake, mwendo wake, madeni yake. Kukiwa na hatari ya watu kuondoka, anatolewa chatu. Kama chatu hakutosha, inatolewa sanamu ya mbao yenye viungo vinavyochezeshwa, iliyofichwa tangu asubuhi. Wengine walikuja na fisi, na nungunungu, na mavazi ambayo hayajawahi kuonekana. Mtu anayeandaa kipindi cha runinga leo angelielewa jambo hili mara moja: kidole cha mtazamaji kiko juu ya rimoti, na hapo uwanjani rimoti yenyewe ilikuwa miguu.

Kasoro nazo zilijulikana. Kila kundi lilikuwa na dawa ya mvuto, samba, ambayo kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wavutwe bila wao kujua kwa nini. Lilikuwa pia na dawa za kumharibia mpinzani sauti, na dawa za kujikinga na dawa zake. Kundi likishindwa, lawama haikwenda kwa nyimbo mbaya. Ilikwenda kwa mganga aliyezidiwa. Kwa maneno mengine, hata hukumu iliyotolewa hadharani, na watu waliosimama kwa miguu yao wenyewe, iliaminika kuwa inaweza kuibwa. Sioni tofauti kubwa kati ya imani hiyo na manung'uniko yanayojaa mitandaoni asubuhi baada ya tuzo.

Mtu mashuhuri kuliko wote waliopita viwanja hivyo anakumbukwa leo kwa miujiza: Igulu Bugomola, yaani Mwanamalundi, aliyefungwa na Wajerumani, akarudi, akafa mwaka 1936. Watoto wa shule wanasimuliwa alivyokausha miti kwa kunyoosha kidole. Wazee wanaongeza kwamba kabla ya kuwa mtu wa miujiza alikuwa mchezaji wa ngoma. Umaarufu wake ulianzia uwanjani.

Waingereza walipoingia waliziona ngoma hizi kama kitu cha kuandikwa. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alikusanya habari nyingi za vyama vya Kisukuma, na karatasi zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kanisa Katoliki lilichukua njia tofauti na ile ya Nassa. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement wa Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina Fumbuka, aliingiza ngoma ndani ya uzio wa misheni, akajenga kanisa la duara lililofuata umbo la nyumba ya Kisukuma, na mwaka 1968 makumbusho ya Wasukuma yakaanza hapo. Sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni ikawa Bulabo, na kwenye Bulabo Wagika na Wagalu wakashindana, padre akiwepo. Barabara ni ile ile moja. Mwumini wa mwanzo wake angeweza kupiga ngoma akiwa na rozari shingoni. Wa Nassa angeitwa mbele ya wazee wa kanisa.

Pesa za pamba ziliongeza moto. Miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walijiunga katika vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa mbele yao, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa VFCU uliokuja kuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Msimu wa kuuza pamba na msimu wa mbina ni mmoja. Mkulima aliyelipwa Julai alikuwa na baiskeli mpya ya kumfikisha uwanja wa mbali, na manju alipata hadhira ambayo baba yake hakuiota.

Halafu ukaja uhuru, na ngoma ikapandishwa jukwaani. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na baada ya muda mfupi likawepo Kundi la Ngoma la Taifa. Bugobogobo ikawa moja ya ngoma zake zinazojulikana sana, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali na nje ya nchi. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kuna kitu kilibadilika ambacho sijaona kikisemwa vya kutosha. Ukumbini mtazamaji amekaa kwenye kiti, na kiti kinamtazamisha upande mmoja. Ngoma ikiwa nzuri anapiga makofi, ikiwa mbaya anapiga makofi ya adabu. Hakuna mahali pa kuvukia. Aliyekuwa jaji amegeuzwa mgeni.

Na runinga? Hiyo ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na TVZ tangu 1973, tena ya rangi, wakati wa Aboud Jumbe, ikiwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Bara hapakuwa na kituo. Serikali ya Mwalimu iliona runinga ni anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo mkulima alihitaji kwanza maji na zahanati, na fedha zilizopatikana zikaenda redioni. Nassa, kama vijiji vingine, ilicheka na Pwagu na Pwaguzi kupitia Radio Tanzania. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Wakati huo huo, hata hivyo, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilikuwa tayari inasema nani akague nini. Mkaguzi alitangulia runinga ya Bara kwa miaka 18.

Mpaka hapo, wenzetu wa mbali walikuwa na desturi iliyozeeka. Tuzo za Emmy za Marekani ziligawiwa mara ya kwanza tarehe 25 Januari 1949, Hollywood Athletic Club, wakati runinga yenyewe ilikuwa bado haijaingia nyumba nyingi, na mshindi wa kwanza alikuwa Shirley Dinsdale, binti aliyesemesha mwanasesere. Kanuni yao ilikuwa kwamba wenye fani wanawapigia kura wenye fani. Mtazamaji hakuulizwa. Ni kinyume kabisa cha uwanja wa mbina, na nadhani kila tuzo iliyokuja kuanzishwa Afrika Mashariki imekuwa ikiyumba kati ya kanuni hizo mbili.

Mlango ulifunguka baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka 1994 zikaja CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi. Mwanza nayo ikapata Star TV, na kuelekea mwaka 2000 ikazaliwa runinga ya taifa, TvT, ambayo baadaye iliunganishwa na redio kuwa TBC. Vituo vilikuwa na saa nyingi na vipindi vichache. Nafasi hiyo ikajazwa na vikundi vya maigizo: Mambo Hayo, kisha Kaole, ambao michezo yao ITV iliwafanya watu wawahi nyumbani. Bi Hindu, Mzee Jangala, Ray, Dk. Cheni, Johari, Nora. Hawa ndio waigizaji wa kwanza ambao sura zao zilijulikana nchi nzima bila wao kusafiri.

Kati yao alikuwemo kijana wa Shinyanga. Steven Kanumba alizaliwa huko mwaka 1984, akasoma sekondari Mwadui kabla ya kuhamia Dar es Salaam, akajiunga na Kaole mwaka 2002. Biashara ya filamu za video ilipoanza kushika kasi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuigiza na Wanaijeria na kuiuza sura ya Mtanzania nje. Vijijini watu hawakumfuata kwenye runinga ya sebuleni, maana sebule zenye umeme zilikuwa chache. Alionekana kwenye vibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi, jenereta nyuma, na kiingilio mlangoni. Huko huko ndiko filamu za Kichina na za Kimarekani zilikopata sauti ya Kiswahili kupitia wasimuliaji kama Lufufu. Kibanda umiza kilikuwa na tabia ya uwanja wa mbina kwa jinsi moja: mtu aliyechoka alitoka, na mwenye kibanda aliijua filamu mbaya kwa idadi ya mabenchi matupu.

Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Alipoagwa viwanja vya Leaders Club na kuzikwa Kinondoni tarehe 10, umati uliojitokeza uliwashangaza hata waliofanya naye kazi. Naona umati ule kuwa ndiyo tuzo kubwa kuliko zote ambazo sanaa ya skrini ya Tanzania imewahi kutoa, na haikuwa na mdhamini.

Tuzo zenye mdhamini zilikuwa zimeanza kwa upande wa muziki na tamasha. ZIFF, tamasha la nchi za jahazi Zanzibar, lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1998 na kugawa Jahazi la Dhahabu kwa hukumu ya majopo. Mwaka 1999 zikaja tuzo za muziki zilizodhaminiwa na bia ya Kilimanjaro, na hizo ndizo zilizotuzoesha kupiga kura kwa ujumbe mfupi wa simu. Mei 2014 Diamond Platnumz aliondoka na tuzo saba usiku mmoja. Kenya, kupitia tume yake ya filamu, ilikuwa na Kalasha tangu 2009, ikizipa filamu na vipindi vya runinga jukwaa moja la kitaifa. Sisi tulikuwa tunawategemea wenzetu watutuze.

Ndivyo ilivyokuwa Lagos, tarehe 5 Machi 2016. Tuzo za AMVCA, zilizoanzishwa 2013 na Africa Magic, zilimpa Elizabeth Michael, Lulu, ushindi wa filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu, na Single Mtambalike, Rich, wa filamu bora ya Kiswahili kwa Kitendawili. Habari ilipokelewa Dar es Salaam kwa shangwe iliyokuwa na fedheha ndani yake: iweje Kiswahili kitunukiwe Nigeria kabla ya kutunukiwa kwao?

Majibu yalikuja haraka, na yalitoka kwenye vituo vya runinga vyenyewe. Desemba mwaka huo huo EATV iliandaa tuzo zake Mlimani City, Gabo akiwa mwigizaji bora wa kiume. Mwaka 2018 Azam, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2013, ikaandaa tamasha la SZIFF kupitia chaneli yake ya Sinema Zetu. Utaratibu wake unanivutia: filamu zilioneshwa kwanza kwenye chaneli, watu wakaziona majumbani, ndipo washindi wakatangazwa. Wema Sepetu alishinda kwa Heaven Sent, na mjadala uliofuata ulikuwa ule ule wa siku zote, kama ameshinda kwa kuigiza au kwa kupendwa. Mzee wa Kigalu angeuliza tofauti ni ipi.

Tofauti ipo, kwa kweli, ila siyo pale inapotafutwa. Shabiki wa mbina alilipa kura yake kwa jasho: alitembea toka Nassa hadi uwanja wa mbali, akasimama juani, akaona pande zote mbili kabla ya kuamua akae wapi. Kura ya simu inaweza kupigwa na mtu ambaye hajaona hata filamu moja, na penye ruhusa ya kurudia, mwenye salio nene ana sauti nene. Kinachokosekana si wingi wa watu. Ni ule ulazima wa kulinganisha. Jopo la majaji linalinganisha, lakini nyuma ya mlango uliofungwa, na mlango uliofungwa Watanzania hawauamini, kama ambavyo babu zao hawakumwamini mganga wa upande wa pili.

Vijijini, wakati huo, mtambo wenyewe ulikuwa unabadilika. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mwanza tarehe 28 Februari 2013. Aliyekuwa na antena ya mti na waya aliamka asubuhi akakuta mchanga kwenye kioo. Ilibidi anunue king'amuzi. Kwa familia nyingi za kando ya ziwa huo ulikuwa usumbufu wa gharama, kisha umeme wa REA na paneli za sola vikasogea, madishi yakaanza kuonekana juu ya mabati, na tamthilia ikahamia nyumbani. Jua Kali ya Lamata ikawa na wapenzi wasiowahi kuiona Dar es Salaam.

Serikali ilishika usukani Desemba 2021, Bodi ya Filamu ilipotoa Tuzo za Filamu Tanzania kwa mara ya kwanza, na ikazitolea Mbeya. Mwaka uliofuata zikaenda Arusha. Uamuzi wa kuzitoa nje ya Dar es Salaam ninausifu bila kusita, maana msanii wa mkoani kwa miaka mingi alialikwa sherehe za taifa kama mtu wa kutumbuiza wakati wageni wanakula.

Simiyu haikukaa ikisubiri zamu. Mwishoni mwa muongo uliopita, Anthony Mtaka akiwa Mkuu wa Mkoa, maonesho ya kitaifa ya Nanenane yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, na mji huo huo ukawa na Simiyu Jambo Festival: mbio za baiskeli, na mashindano ya ngoma kati ya Wagika na Wagalu. Kamera zilikuwepo. Picha zilirushwa, na video zake zilienda kwenye simu za watu waliokuwa mbali na uwanja.

Lakini hakuna kamera niliyoona ikifanya kazi ambayo mchezo huo unaidai, ya kupanda juu na kuonesha maduara yote mawili kwa pamoja. Zilijibana karibu na wachezaji, miguu, manyanga, jasho, nyuso, kana kwamba mashindano yako hapo. Anayetaka kumjua mshindi wa Wagika na Wagalu anapaswa kuwapa wachezaji kisogo na kupiga picha watazamaji.